Kushuka Baharini, Kujisokota, Kutweka: Istilahi Tatu za Kichina na Namna Wajasiriamali wa China Wanavyokabiliana na Mabadiliko ya Uchumi wa Dunia

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna wajasiriamali wa China, hasa wadogo na wa kati wa Mkoa wa Zhejiang, walivyobadilisha mbinu zao kadiri uchumi wa dunia ulivyobadilika tangu mwaka 1978. Njia inayotumika ni ya kiisimu: istilahi tatu ambazo wafanyabiashara hao wamezitumia kujieleza, yaani xiahai, neijuan na chuhai, zinachukuliwa kuwa mlango wa kuingilia katika vipindi vitatu vya historia yao. Hoja ya makala ni kwamba katika mijadala ya sera ya Afrika Mashariki istilahi hizi zote huzamishwa ndani ya neno moja, "uwekezaji", na kwamba uzamishaji huo una gharama. Sera inayotungwa kwa ajili ya mwekezaji inapomkuta mchuuzi, au mtu anayekimbia ushindani wa nyumbani kwao, hupata matokeo ambayo haikuyakusudia.

1.0 Utangulizi

Neno "mjasiriamali" limekwisha kuzoeleka katika Kiswahili kiasi kwamba wengi hawalisikii tena kama neno ambatani. Ndani yake mna jasiri na mna mali; aliyeliunda alitaka kusema kwamba mali hupatikana kwa kuthubutu. Kichina nacho kina neno rasmi la namna hiyo, qiyejia, ambalo huonekana katika hotuba na magazeti. Hata hivyo, mtu anayetaka kujua namna wafanyabiashara wa China wanavyoielewa kazi yao hatalipata jambo hilo katika neno rasmi. Atalipata katika maneno ya mitaani, ambayo huzuka pale hali inapobadilika na neno la zamani likawa halitoshi.

Jambo hili lina uzito wa kisera. Mwezi Julai 2025 Serikali ya Tanzania ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo uuzaji wa bidhaa kwa jumla na rejareja, isipokuwa kwa baadhi ya aina za maduka, pamoja na huduma za fedha kwa simu na ufundi wa simu. Amri hiyo haikutaja taifa lolote. Lakini mjadala uliotangulia, hasa ule wa Kariakoo, ulihusu kwa kiasi kikubwa wafanyabiashara wa Kichina, na haukuwa mpya: mwanzoni mwa mwaka 2011 wachuuzi wa kigeni wa soko hilohilo walipewa siku 30 kuondoka. Kwamba suala lilelile limerudi baada ya miaka 14 ni dalili kuwa kuna kitu kuhusu watu hawa ambacho hakikueleweka mara ya kwanza.

2.0 Xiahai: Kushuka Baharini

Xiahai kwa tafsiri ya moja kwa moja ni "kushuka baharini". Zamani lilitumika, pamoja na maana nyingine, kwa waigizaji wa opera waliokuwa wakiimba kwa kujifurahisha tu kisha wakaamua kuifanya kazi ya kulipwa. Lilikuwa na harufu ya kujishusha hadhi. Baada ya Deng Xiaoping kutembelea miji ya kusini mwanzoni mwa mwaka 1992 na kuhimiza mageuzi ya soko, neno hilo lilienea kwa kasi likiwa na maana ya kuacha ajira ya serikali na kwenda kufanya biashara. Bahari hapa ni soko, na nchi kavu ni mshahara. Msemaji wa Kiswahili cha pwani haoni ugumu wa kuielewa sitiari hii.

Ila waliotangulia kushuka hawakuwa watumishi wa serikali. Walikuwa wakulima wa ardhi mbovu. Yiwu, wilaya iliyo katikati ya Zhejiang, ina udongo mwekundu usio na rutuba, na kwa vizazi wanaume wake walitembea vijijini wakati wa majira yasiyo ya kilimo wakiwa na vigoma vya mkononi na mabapa ya sukari guru, wakibadilishana sukari hiyo kwa manyoya ya kuku. Manyoya mazuri yalitengenezewa vifagio vya kufutia vumbi. Mabaya yalitiwa mashambani kuwa mbolea. Katika miaka ya siasa kali biashara hii ilihesabiwa kuwa ulanguzi, na waliokamatwa walinyang'anywa bidhaa.

Mwaka 1982 katibu mpya wa chama wilayani humo, Xie Gaohua, alikabiliwa ofisini kwake na mchuuzi mwanamke, Feng Aiqian, aliyetaka kujua kwa nini anafukuzwa mtaani ilhali hana njia nyingine ya kuishi. Mwezi Septemba mwaka huohuo soko la kwanza lilifunguliwa rasmi likiwa na vibanda karibu 700, na wilaya ikatangaza ruhusa nne: wakulima kufanya biashara, bidhaa kusafirishwa mbali, masoko kufunguliwa mijini na vijijini, na wauzaji kushindana. Uamuzi huo ulitangulia sera ya taifa. Xie angeweza kupoteza cheo. Kwa hiyo wanaodhani kwamba kila hatua ya mfanyabiashara wa China hupangwa Beijing wangefanya vyema kuanzia hapa: mchuuzi alisukuma, ofisa wa ngazi ya chini akakubali kubeba hatari, na ngazi za juu zikaja kuidhinisha baadaye.

Kusini zaidi, mjini Wenzhou, Zhang Huamei alipata mwaka 1980 leseni inayotambuliwa kuwa ya kwanza ya biashara binafsi baada ya mageuzi. Biashara yake ilikuwa ya vifungo vya nguo na vitu vingine vidogo vidogo. Vifungo hivyo havikuwa jambo la bahati nasibu. Bidhaa ndogo, nyepesi, isiyohitaji mtambo mkubwa, ndiyo pekee iliyoweza kuanzishwa na familia isiyo na mtaji. Mji mdogo wa Qiaotou uligeuka kuwa soko la vifungo. Datang ukashika soksi. Shengzhou ukashika tai. Katika miji ya namna hii nyumba moja hukata, ya pili hushona, ya tatu hupaka rangi, ya nne hufungasha. Agizo likiwa kubwa kuliko uwezo wa familia moja hugawanywa kwa ndugu na majirani. Likiwa dogo hakuna mtambo mkubwa unaokaa bure. Wepesi wa kubadilika ambao wachambuzi husifu leo umetokana na mgawanyo huu wa kazi, na mgawanyo wenyewe umetokana na umaskini.

Mtaji ulipatikana namna gani, ikiwa benki za serikali hazikuwakopesha watu binafsi? Ulipatikana kwa njia ambayo msomaji wa Afrika Mashariki anaijua vizuri: upatu. Wenzhou huuita hui. Watu huchanga, mmoja hupokea kwa zamu, na dhamana ni kufahamiana. Upatu wa Wenzhou, hata hivyo, ulikua ukavuka mipaka ya kufahamiana. Katikati ya miaka ya 1980, huko Yueqing, michezo mikubwa yenye riba kubwa iliporomoka na kufilisi familia nyingi. Miaka 25 baadaye, mwaka 2011, mji huohuo ulishuhudia wenye viwanda wakitoroka madeni ya mikopo ya watu binafsi, hadi Waziri Mkuu Wen Jiabao akaenda mwenyewe mwezi Oktoba kutuliza hali. Mwaka uliofuata Wenzhou iliteuliwa kuwa eneo la majaribio ya mageuzi ya fedha. Historia hii ya madeni hutajwa kwa nadra katika simulizi za mafanikio ya China, na kutotajwa kwake kunawapotosha wanaotaka kuiga.

3.0 Mnunuzi Anapobadilika

Desemba 2001 China ilijiunga na Shirika la Biashara Duniani, na Januari 2005 mfumo wa kimataifa wa kugawa viwango vya mauzo ya nguo ulifikia kikomo. Kipindi kile kilikuwa cha wingi: kiwanda kilichopata mnunuzi mmoja mkubwa wa Marekani au Ulaya kilikuwa kimefika. Kisha ukaja mwaka 2008. Sheria mpya ya mikataba ya kazi ilianza kutumika Januari, gharama zikapanda, na kabla mwaka haujaisha msukosuko wa fedha ulikuwa umekausha maagizo. Ofisa wa serikali kuu alikadiria mwanzoni mwa 2009 kwamba vibarua wahamiaji milioni 20 walikuwa wamerudi vijijini bila kazi.

Yiwu iliumia kidogo kuliko miji ya viwanda vikubwa ya Guangdong, na sababu yake inastahili kuelezwa. Soko la Yiwu halikuwahi kutegemea mnunuzi mkubwa mmoja. Lina maduka takriban 75,000, mengi yakiwa ni vyumba vidogo vya kuonyeshea sampuli za viwanda vya kifamilia, na wateja wake walikuwa wafanyabiashara wa kati kutoka Mashariki ya Kati, Asia ya Kusini, Amerika ya Kusini na Afrika: watu wanaonunua katoni kumi za hiki na ishirini za kile, wakajaza kontena moja kwa bidhaa za maduka hamsini. Mnunuzi wa namna hii ni msumbufu. Maagizo yake ni madogo, hubishana bei, hulipa kwa awamu. Lakini wako wengi, na hawafi wote kwa pamoja.

Tatizo lilikuwa la kisheria. Kontena lenye bidhaa za aina mia moja kutoka kwa wauzaji wasio na leseni ya kuuza nje wala stakabadhi za kodi haliingii katika taratibu za kawaida za forodha. Kwa miaka mingi mambo yalikwenda kwa njia za mkato. Kuanzia mwaka 2013 serikali ilijaribu Yiwu utaratibu mpya: bidhaa zilizonunuliwa katika soko lililoidhinishwa, zenye thamani isiyozidi dola 150,000 kwa tamko moja la forodha, zinaweza kusafirishwa kwa uainishaji uliorahisishwa na bila kutozwa kodi ya ongezeko la thamani. Watunga sera wanaotafuta namna ya kuwarasimisha wafanyabiashara wadogo wa mipakani, pale Namanga, Rusumo au Kasumbalesa, watauona ukaribu wa jambo hili. China haikumlazimisha mchuuzi awe kampuni ndipo auze nje. Ilibadilisha fomu ili imfae mchuuzi.

Urahisi huo haukumaliza matatizo. Malipo mengi kutoka nchi zenye uhaba wa dola yaliendelea kupitia kwa watu wa kati wasio rasmi, na pale polisi walipokuwa wakifuatilia fedha haramu, akaunti za wenye maduka waliopokea malipo hayo bila kujua chanzo chake zilizuiwa. Muuzaji aliyekwisha kutoa mzigo akajikuta hana mzigo wala fedha.

4.0 Neijuan: Kujisokota kwa Ndani

Istilahi ya pili ni ya kitaaluma kwa asili, na safari yake inavutia. Mwanaanthropolojia Clifford Geertz, akiandika mwaka 1963 kuhusu kilimo cha mpunga huko Java, alieleza hali ambapo watu wanaongeza jitihada katika shamba lilelile bila maisha ya kila mmoja kuboreka. Mwanahistoria Philip Huang akalipeleka wazo hilo kwa wakulima wa China. Kwa Kichina likatafsiriwa neijuan, yaani kujiviringisha au kujisokota kwa ndani, kama ukindu unaosokotwa hadi ukakatika. Mnamo mwaka 2020 vijana wa vyuo vikuu waliliokota kueleza ushindani wa masomo usio na mwisho. Punde wafanyabiashara wakalichukua, na kufikia 2024 lilikuwa limeingia katika lugha ya vikao vya juu vya chama tawala.

Kwa mwenye kiwanda, neijuan ni vita ya bei isiyo na mshindi. Sekta ya magari ya umeme ndiyo mfano maarufu. BYD, iliyoanzishwa na Wang Chuanfu mwaka 1995 kama kampuni ya betri na kuingia kwenye magari mwaka 2003, ilishusha Mei 2025 bei za aina 22 za magari yake, na wapinzani wakalazimika kufuata. Oktoba 2025 sheria iliyorekebishwa ya ushindani usio wa haki ilianza kutumika, lengo moja likiwa kuzuia uuzaji wa chini ya gharama katika majukwaa ya mtandaoni.

Mbali na kampuni hizo kubwa, mfano wa mirija ya kunywea vinywaji unafundisha zaidi. Kampuni ya Shuangtong ya Yiwu hutengeneza kitu ambacho faida yake kwa kila kimoja ni chembe ya senti. Ingebaki katika mirija ya plastiki ingejisokota mpaka mwisho. Lakini ilianza mapema kutafiti mirija inayooza, na China ilipopiga marufuku mirija ya plastiki migahawani mwishoni mwa 2020, na Umoja wa Ulaya ukafuata Julai 2021, ilikuwa tayari ina cha kuuza. Ilikuwa pia imepunguza kwa hiari yake kutegemea maagizo makubwa ya wanunuzi wachache, ikachagua wateja wadogo wengi. Huu ni uamuzi wa Kiyiwu kabisa: mzee wa sukari na manyoya naye hakuwa na mteja mkubwa.

5.0 Chuhai: Kutweka

Aliyeshuka baharini na kukuta maji yamejaa watu hana budi kwenda mbali zaidi. Chuhai, "kutoka kwenda bahari kuu", ndilo neno la kipindi cha sasa, na kisawe chake cha karibu katika Kiswahili huenda ni kutweka, kwa kuwa kinabeba wazo la kupandisha tanga na kuiacha bandari. Neno hili hutumika kwa mambo yasiyofanana, na hapo ndipo mchanganuo unapohitajika.

Kuna wanaotweka wakikimbia ushuru. Marekani ilipoanza Julai 2018 kutoza ushuru wa asilimia 25 kwa bidhaa za China, viwanda vingi vilihamishia hatua za mwisho za uzalishaji Vietnam, vingine Mexico. Mwaka 2025 ushuru huo ulipanda hadi asilimia 145 mwezi Aprili na kushushwa hadi 30 katikati ya Mei. Na tangu Mei 2 msamaha uliokuwa ukiviruhusu vifurushi vya chini ya dola 800 kuingia bila ushuru uliondolewa kwa bidhaa za China. Pigo hili liliwalenga moja kwa moja waliotegemea Shein na Temu. Ratiba kama hiyo haimpi mwenye kiwanda nafasi ya kupanga kwa mwaka. Humlazimisha kupanga kwa mwezi.

Kuna wanaotweka wakifuata gharama nafuu za kazi. Kampuni ya viatu ya Huajian ilianza uzalishaji karibu na Addis Ababa mwanzoni mwa 2012, miezi michache tu baada ya Waziri Mkuu Meles Zenawi kukutana na uongozi wake nchini China. Na kuna wanaotweka kumfuata mnunuzi alipo. Transsion, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Zhu Zhaojiang, haikushindana China kabisa. Simu zake za Tecno na itel zilikuja Afrika zikiwa na nafasi ya laini mbili, kwa kuwa watumiaji walikwepa gharama za kupiga mtandao mwingine; kamera zake zilirekebishwa ili zisiififishe ngozi nyeusi; zikaongezewa lugha za Kiafrika. Kampuni iliorodheshwa katika soko la hisa la Shanghai mwaka 2019 bila kuwa na jina mitaani kwao.

Hapa lugha si pambo. Tamthilia ya Kichina kuhusu bi harusi na mama wakwe zake, iliyotafsiriwa na kuingizwa sauti za Kiswahili, ilirushwa na televisheni ya taifa ya Tanzania mwaka 2011, na Rais Xi Jinping akaitaja katika hotuba yake jijini Dar es Salaam Machi 2013. Kiswahili kimefundishwa Beijing tangu miaka ya 1960. Wahitimu wake, hata hivyo, kwa kawaida waliandaliwa kwa ajili ya redio, diplomasia na miradi ya serikali. Mchuuzi kutoka Zhejiang hakupita huko. Yiwu ina madarasa ya jioni ya lugha kwa wenye maduka, na tangu 2023 jukwaa la kidijitali la soko hilo huwapa zana za akili unde zinazomwezesha muuzaji kurekodi video kwa Kichina ikatoka kwa lugha zaidi ya 30, midomo ikifuata maneno.

6.0 Kutoka Yiwu hadi Kariakoo

Kwa kuzingatia istilahi hizi, Mchina anayeuza mabegi kwa rejareja Kariakoo si lazima awe mwekezaji, na si lazima atumwe na yeyote. Mara nyingi ni mtu wa xiahai aliyechelewa: alikuta bahari ya nyumbani imejisokota, akatweka na mtaji wa ndugu. Kumtaka alete mradi mkubwa ni kumtaka awe mtu mwingine. Kumzuia asiuze rejareja ni haki ya nchi yoyote, na malalamiko ya wafanyabiashara wazawa yana msingi: anayenunua kiwandani kwa shangazi yake hawezi kushindana kwa usawa na aliyekopa benki, akapanda ndege hadi Guangzhou na kununua kwa bei ya mgeni.

Lakini historia iliyoelezwa hapa inaonyesha atakachofanya akizuiwa. Hataondoka kwa sababu mlango mmoja umefungwa. Atarudi nyuma hatua moja katika msururu wa ugavi: kutoka dukani kwenda ghalani, kutoka ghalani kwenda kwenye simu, akiuza kupitia jina la mzawa au moja kwa moja kutoka Yiwu kwa video iliyotafsiriwa na mashine. Amri ya leseni humfikia aliye nyuma ya kaunta. Haimfikii aliye nyuma ya skrini.

Swali linalobaki kwa washauri wa sera ni la maarifa zaidi kuliko la leseni. Katika duka la namna hii kuna msaidizi wa Kitanzania, mara nyingi kijana, ambaye ndiye mkalimani halisi wa biashara nzima. Yeye ndiye hubishana bei na mteja wa Morogoro au Lubumbashi, na ndiye humfundisha mwajiri wake Kiswahili cha sokoni. Anajua kinachouzika na kisichouzika. Asichokijua ni jina la kiwanda, bei ya mlangoni pake, na mtu wa kuzungumza naye. Hayo yamo katika simu ya mwajiri, yameandikwa Kichina. Kamusi zilizopo za Kichina na Kiswahili hazina msamiati wa stakabadhi ya mzigo, kiwango cha chini cha agizo wala kasoro ya sampuli kwa kiasi kinachomfaa. Vyuo vinavyofundisha Kichina katika kanda hii vinaweza kuanza kwa kuandaa kozi fupi ya jioni kwa wasaidizi hao, karibu na soko lenyewe, kabla maduka wanayofanyia kazi hayajahamia ghalani.